Ditha ni nini? Namna ya kulinda sauti za chini wakati wa kuunganisha mashine za dijitali

Ku redio nyingi za jamii hapa mashariki mwa Congo, studio inajengwa kidogo kidogo. Mixeri inafika leo kwa musaada wa mufazili, ordinatere ni ya zamani, dikitafone ni ya muandishi wa habari mwenyewe, na ile mashine ya kurekodi yenye iko mu kona ilikuwa pale mbele wengi wetu hatujaanza kazi. Siku ya kuunganisha vyote, swali ya kwanza ni moja tu: kable inaingia? Kama inaingia na sauti inasikika, tunaona kazi imeisha.

Lakini kuko swali ya pili yenye watu wachache wanauliza. Mashine yenye inatuma sauti inatumia biti ngapi, na mashine yenye inapokea inabeba biti ngapi? Kama hesabu hizo mbili hazifanani, kuko kitu kinakatwa njiani, na hakuna taa itawaka kwa kukujulisha. Dawa ya ile shida inaitwa ditha. Mu menu za mashine na programu utaiona imeandikwa «dither». Hapa tunaeleza ni kitu gani, inawekwa wapi, na wakati gani haina lazima.

Kosa letu wenyewe

Miaka kadhaa iliyopita tulienda kurekodi muzee mumoja mu kijiji, mwenye alijua historia ya ukoo na ya mashamba ya pale kuliko mutu mwingine. Alizungumuza pole pole, kwa sauti ya chini, sawa vile wazee wanazungumuza usiku wakati watoto wamelala. Dikitafone ilikuwa ku biti 24, lakini mimi niliogopa sauti isipite kipimo, nikaweka nguvu ya mikro chini sana. Hata maneno yake makali yalifika paka ku -50 dB.

Mu studio tulisafisha. Programu ikaondoa upepo wa mikro na wadudu wa usiku. Kisha tukapitisha sauti kwa kable ya dijitali mpaka ku mashine ya zamani yenye inabeba biti 16 tu, kwa sababu ndiyo tulikuwa tunatumia kwa kuhifadhi. Sauti ilikuwa chini, lakini ilisikika. Karte ya dikitafone ilikuwa imejaa, tukafuta rekodi ya mwanzo.

Wakati muzee alifariki, familia ikaomba tupitishe sauti yake ku redio. Tukaiinua. Maneno yalikuwa pale, lakini mwisho wa kila sentensi ulikuwa unakwaruza, sawa mutu anakanyaga muchanga, kisha unakatika gafula. Majina ya mababu, yenye alikuwa anayataja mwishoni akishusha sauti, mengine hayasikiki tena. Hakuna programu iliweza kuyarudisha.

Makosa yetu yalikuwa matatu: nguvu ya mikro ilikuwa ndogo, tulifuta rekodi ya mwanzo, na tulikata biti bila ditha. Hayo mawili ya kwanza tulikuwa tunayajua. Ya tatu, hata jina yake hatukuijua.

Sauti ndani ya mashine ni namba

Mikro inatoa umeme wenye unapanda na kushuka bila kuruka, sawa muteremuko wa kilima. Mashine ya dijitali haiwezi kubeba muteremuko, inaugeuza kuwa ngazi. Mara 44.100 kwa sekunde ku CD, ao mara 48.000 mu studio nyingi, inapima sauti imefika ku ngazi gani na inaandika namba yake.

Hesabu ya biti inasema kuko ngazi ngapi kwa jumla:

- biti 8 zinatoa ngazi 256;
- biti 16 zinatoa ngazi 65.536;
- biti 24 zinatoa ngazi 16.777.216.

Kila biti moja inaongeza karibu 6 dB kati ya sauti kubwa sana na sauti ndogo sana yenye mashine inaweza kuandika. Kwa hiyo biti 16 zinafika karibu 96 dB. Biti 24 zinafika 144 dB kwa hesabu, hata kama kelele ya umeme wa mashine yenyewe haiachi mutu afike pale.

Ngazi zote ziko na kimo kimoja. Sauti kubwa inapita juu ya maelfu ya ngazi, na kosa ya nusu ngazi haionekani. Lakini sauti ya chini sana inacheza ku ngazi mbili ao tatu tu. Tuangalie muzee wetu: -50 dB ni sawa kupoteza biti 8 za juu. Kati ya biti 16, maneno yake makali yalibakiwa na 8 hivi, na mwisho wa sentensi zake ulikuwa juu ya biti moja ao mbili. Pale, muteremuko muzuri wa sauti ya mutu unageuka vipande vitatu vya mbao.

Sikio halisikii hiyo sawa upepo wa kawaida. Linasikia mukwaruzo wenye unashikamana na maneno: sauti ikibadilika nao unabadilika, sauti ikinyamaza nao unakatika. Ndiyo sababu unaudhi sana, hata kama ni mudogo.

Mufano wa deni na noti

Tuseme mu soko hakuna noti ndogo kuliko ya franka 500, na kuko mutu anapashwa kukulipa 1.100 kila siku. Akikata, anakupa 1.000 kila siku. Unapoteza 100, lakini si hiyo tu. Mutu akiangalia daftari yako kisha mwaka, hataweza kujua kama bei ilikuwa 1.100 ao 1.400, kwa sababu zote mbili ziliandikwa 1.000. Hii ndiyo kukata bila ditha: habari ndogo inakufa kabisa.

Sasa mufanye hivi. Kila siku muvute karatasi moja kati ya tano. Ine hazina alama: akivuta moja kati ya hizo, analipa 1.000. Moja iko na alama: akivuta hiyo, analipa 1.500. Hakuna hata siku moja atakulipa 1.100 sawasawa. Lakini kisha siku nyingi, ukijumlisha na kugawanya, utapata karibu 1.100. Kama bei ilikuwa 1.400, karatasi ine zingekuwa na alama, na hesabu ingekuonyesha 1.400. Habari ndogo imepona, hata kama noti ndogo haiko.

Ditha ni zile karatasi. Mbele ya kukata, mashine inaongeza ku sauti kelele ndogo sana ya bahati nasibu, ya ukubwa wa ngazi moja ao mbili za mwisho. Sauti yenye ilikuwa katikati ya ngazi mbili inaangukia mara huku, mara kule, kufuatana na mahali ilikuwa. Kwa sababu mashine inapima maelfu ya mara kwa sekunde, sikio linafanya hesabu yenyewe na linasikia sauti ya kweli.

Bei ya kulipa ni upepo kidogo, sawa mvua ya mbali ku mabati. Ku ditha ya kawaida, ule upepo unapanda kwa karibu 5 dB kuliko kosa ya kukata peke yake. Lakini upepo huo hautembei na maneno. Sauti ya mutu inaendelea kushuka ndani yake mpaka inapotea pole pole, hata chini ya ngazi ya mwisho. Ni kitu cha kushangaza, lakini ni kweli: tunaongeza kelele kwa kusikia vizuri zaidi.

Wazo hilo lilitoka wapi

Haikuanza na muziki. Mwaka 1962, huko Marekani, Lawrence Roberts alichapisha kazi yenye alifanya ku chuo cha MIT juu ya picha. Wakati picha inaandikwa kwa biti chache, mahali pa kupauka kidogo kidogo, sawa mbingu ao shavu ya mutu, panaonyesha mistari yenye haiko. Yeye aliongeza kelele ya bahati nasibu mbele ya kukata, kisha akaitoa upande wa kupokea, na mistari ikapotea.

CD ilianza kuuzishwa mwaka 1982, ikiwa na biti 16, na swali ikaingia mu nyumba za watu. Mwaka 1984, wataalamu wawili wa chuo kikuu cha Waterloo huko Canada, John Vanderkooy na Stanley Lipshitz, walichapisha maelezo ya namna ditha inaacha sikio lisikie sauti zenye ziko chini ya biti ya mwisho. Kazi yao na ya wengine kisha hapo ilionyesha pia aina gani ni nzuri kwa sauti: ile yenye inaitwa ya pembetatu. Inaitwa hivyo kwa sababu ya umbo la hesabu zake: kelele ndogo inatokea mara nyingi, kelele kubwa mara chache. Ndiyo utaona mu programu imeandikwa «triangle» ao kwa herufi TPDF.

Wakati wa kuunganisha, ni nani anakata?

Kable yenyewe haikati. Njia ya S/PDIF, yenye inatumia fishi ya RCA ao ile ya mwangaza, na njia ya AES/EBU yenye inatumia fishi ya XLR, zote zinaweza kubeba mpaka biti 24. Kukata kunafanyika ku mulango wa mashine yenye inapokea. Kama inabeba biti 16, mara nyingi inachukua 16 za juu na kuacha 8 za chini zianguke. Haiweki ditha, inatupa tu. Na mashine yenye inatuma haijui kama ku mwisho wa kable kuko mukubwa ao mudogo.

Kwa hiyo kanuni kubwa ni hii: ditha inawekwa na mashine yenye inatuma, kwa hesabu ya biti za mashine yenye inapokea. Mu mixeri nyingi za dijitali utaikuta mu menu ya kutokea: inaweza kufungwa, ao kuwekwa ku 16, 20 ao 24.

Tupitie hali zenye tunakutana nazo mu studio:

- Kutoka biti 24 kwenda biti 16 kwa kable ya dijitali. Weka ditha ya 16 ku mashine yenye inatuma. Hii ndiyo hali ya mashine za zamani za kaseti DAT na za kurekodi CD.
- Kutoka 24 kwenda 24. Funga ile ditha ya 16. Ukiiacha, unaharibu biti 8 bila sababu.
- Kutoka 16 kwenda 24. Ditha haina kazi. Mashine inaongeza sufuri mahali pa biti zenye hazikuwa. Lakini usidanganyike: sauti haikukuwa nzuri zaidi kwa sababu faili imekuwa kubwa.
- Kutoka 16 kwenda 16, lakini umegusa volume katikati. Hapa wengi wanakosea. Ukishusha ao kuinua sauti, ao kuchanganya sauti mbili, hesabu mupya inatokea na mukia murefu kuliko biti 16. Ditha inahitajika tena. Kama hukugusa kitu, volume iko ku 0 dB na sauti inapita vile ilivyo, usiongeze kitu.
- Kutoka programu ya ordinatere kwenda ku karte ya sauti ya biti 24. Programu nyingi zinafanya kazi ndani kwa biti 32. Kukata kwa biti ya 24 kuko chini sana kuliko kelele ya umeme ya karte yoyote. Uweke ditha ao usiweke, hakuna sikio litajua.
- Kwenda ku MP3. Toa MP3 moja kwa moja kutoka ku kazi ya biti 24 ao 32. Hakuna lazima kupitia kwanza ku biti 16.
- Kable ya analogi. Hapa sauti inatoka ikiwa umeme wa kawaida, na mashine ya kupokea inapima upya. Huna ditha ya kuweka, angalia tu kipimo cha kuingia.

Kanuni ine za kukumbuka

Iwe ya mwisho. Safisha, kata, changanya, inua sauti, badilisha 48 kHz kuwa 44,1 kHz kama inaomba, kisha ditha. Ukigusa volume kisha ditha, umeharibu kazi yake.

Iwe mara moja. Kila ditha inaongeza upepo. Mashine tatu zikiwekwa ditha ya 16 kwa kufuatana, zinaongeza mara tatu. Mutu mumoja anakata, wengine wanapitisha.

Chagua pembetatu kama huna uhakika. Programu zingine zinatoa ditha yenye inasukuma upepo ku sauti nyembamba, mahali sikio linasikia kidogo. Ni nzuri kwa faili ya mwisho kabisa. Lakini kama faili itarudi tena mu kazi, tumia pembetatu.

Chunga zaidi sauti yenye imesafishwa. Chumba chenye kelele kinajitengenezea ditha yake: upepo wa mikro na grupe ya jirani vinatingisha zile ngazi za mwisho. Ukiondoa kelele kwa programu, sauti inabaki uchi, na mukwaruzo wa kukata unaonekana. Ni vile ilitufikia. Tulisafisha, tukaondoa bila kujua kitu chenye kilikuwa kinatulinda. Pia sauti yenye inashuka mpaka kunyamaza, sawa mwisho wa wimbo, iko mu hali hiyo.

Jaribu mwenyewe kwa dakika kumi

Chukua Audacity, yenye ni ya bure na redio nyingi ziko nayo. Fungua sauti ya mutu anazungumuza, na uangalie kama kazi iko ku biti 32. Shusha sauti kwa 35 dB, kisha tena 35. Sasa iko chini kwa 70 dB.

Ingia mu mipangilio, sehemu ya ubora wa sauti, utafute ditha ya ubadilishaji wa ubora wa juu, na uifunge. Toa faili ya WAV ya biti 16. Kisha rudi, chagua ya pembetatu, utoe faili ya pili. Fungua hizo mbili, inua kila moja kwa 35 mara mbili, usikilize kwa kaske.

Ya kwanza itakwaruza na maneno yatakatika katikati. Ya pili itakuwa na upepo mwingi, lakini utasikia mutu anazungumuza mpaka mwisho wa neno. Ni mufano wa nguvu sana, kazi ya kila siku haiko vile. Lakini kisha kuusikia mara moja, hautasahau.

Kitu chenye ditha haiwezi

Tuseme pia ukweli. Ku FM, upepo wa hewani uko juu sana kuliko ditha ya biti 16. Musikilizaji mwenye redio ndogo mu shamba hatasikia tofauti. Ditha haiponyeshi mikro mubaya, sauti yenye imepita kipimo, wala mulio wa umeme mubovu. Nguvu nzuri ya mikro inasaidia kuliko yote: kama muzee wetu angefika ku -12 dB, hata mashine ya biti 16 ingetosha.

Ditha inalinda kitu chenye kinabaki: faili za kuhifadhi, zenye zitafunguliwa kisha miaka kumi, kusafishwa na kuinuliwa na watu wenye hatujui. Na mara nyingi sauti za chini ndizo zenye samani. Ni mama mwenye anaeleza mateso yake bila kupaza sauti, ni muzee mwenye anataja mipaka ya shamba. Mutu mwenye anapiga kelele ku mikro hahitaji musaada wetu.

Kuko pia swali ya nafasi ku disque. Saa moja ya sauti ya njia moja kwa 48 kHz inachukua karibu MB 520 kwa biti 24, na karibu MB 345 kwa biti 16. Kama nafasi iko, tunza ya mwanzo kwa biti 24 vile ilirekodiwa, bila kusafisha. Kama nafasi ni kidogo, inua sauti kwanza, weka ditha, kisha shusha ku biti 16, na usifute ya mwanzo mbele ya kusikiliza nakala mpaka mwisho.

Ku studio yetu sasa tulichukua sparadra, tukabandika kipande ku kila mulango wa kuingia na wa kutokea wa mashine. Juu yake tuliandika kwa biki namba moja tu: 16 ao 24. Mutu mwenye anashika kable anasoma namba upande huu na upande ule. Kama zinafanana, anaunganisha. Kama upande wa kutuma ndio mukubwa, anafungua menu kwanza.